Alama ya Tairi Iliyokatikia Tutani

Walisema alama ya tairi ilionekana ikienda, ikienda, halafu ikakatika. Haikukunja kuelekea mashambani, haikurudi ilikotoka, wala pembeni yake hapakuwa na unyayo wa mtu. Ilikatika tu katikati ya changarawe, juu ya tuta la mfereji, na mwenye baiskeli, muuza chumvi mmoja wa kutoka Ivuna, hakuonekana tena.

Marita Nakamba aliisikia habari hiyo mara ya kwanza kwenye kinu, akacheka na wenzake. Mara ya pili aliisikia mlangoni pa kanisa, hakucheka. Mara ya tatu aliletewa nyumbani na jirani yake Ferista, aliyeisimulia huku akichambua maharage, bila hata kuinua macho, kama mtu anayetaja mvua ya jana. Hapo ikamwingia na kukaa. Ukiwa na mtoto anayepita njia hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa, habari ya namna hiyo haitoki kwa kutikisa kichwa. Alilala nayo, akaamka nayo, akaisonga pamoja na ugali.

"Mfereji unameza magurudumu," ndivyo walivyosema watu wa Namtanda. "Miguu haina neno. Magurudumu ndiyo haiyapendi ile njia."

Mtoto mwenyewe alikuwa Tabita, msichana wa miaka ishirini na mmoja, aliyerudi nyumbani mwezi wa kwanza mwaka huo wa 1954 baada ya kusomea ukunga misheni kwa miaka miwili. Alifanya kazi kwenye zahanati iliyokuwa kichwani mwa mfereji, pale maji yalipochepushwa kutoka Mto Momba. Kutoka hapo mfereji ulishuka maili tisa kupita bondeni, chini ya Ndalambo, katika nchi tambarare hata maji yenyewe yalionekana kama hayajaamua yaende upande gani. Juu ya tuta wenye kuuchimba walikuwa wamemwaga changarawe za mtoni, wakazishindilia, ili wakaguzi wasikwame kwenye tope wakati wa masika. Mwanzoni mwa tuta wakasimika magogo mawili mazito, yaliyokaribiana. Lori halipiti hapo, wala mkokoteni wa ng'ombe. Ni mtu kwa miguu yake, au mtu na baiskeli yake, basi.

Baiskeli ya Tabita ilitoka kwa mjomba wake, Yonasi, aliyekuwa akifanya kazi migodini ng'ambo, Rodeshia ya Kaskazini. Ilikuwa ya kiume, yenye bomba la juu, na Tabita alikuwa amejifunza kuipanda kwa kukunja gauni lake na kulibana kwa pini ya nepi. Wanawake wa Namtanda walimtazama wakasema hatazaa. Wanaume walimtazama wakasema hatapata wa kumuoa. Yeye aliwapigia kengele wote, akapita. Kwenye karia alifunga mfuko wa turubai wenye dawa ya macho ya watoto wachanga, sabuni, pamba na mizani ya kutundika, akawafuata wajawazito mmoja mmoja kule mashambani. Kabla yake, waliotaka kupimwa walitembea wenyewe, na wengi hawakwenda.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, Marita alimkuta anaupaka mnyororo wa baiskeli mafuta.

"Kesho hutakwenda," alimwambia.

"Kesho Ijumaa, Mama. Ruti wa Osea yuko mwezi wa tisa, na mtoto amekaa vibaya. Lazima nimwone."

"Na ile alama ya tairi?"

Tabita alifuta mikono. "Uliiona wewe?"

"Sikuiona. Imeonekana."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani hao, Mama, wenye macho na hawana majina?"

"Endelea kucheka. Yule muuza chumvi naye alikuwa na mama yake."

Usiku Marita aliichukua pampu ya baiskeli akaizamisha kwenye kapu la ulezi. Aliamini tairi la nyuma halingefika asubuhi, maana lilikuwa na tundu dogo la siku nyingi. Asubuhi alimkuta binti yake anapuliza upepo tairini kwa ile ile pampu, punje za ulezi zikimwanguka mapajani.

"Niliikuta imelala kwenye ulezi," alisema Tabita bila kumtazama. "Nikasema niitoe mapema, isije ikaota."

Marita alitaka kukasirika, ikamtoka kicheko. Basi wakacheka wote wawili, na kicheko kile ndicho kilichomlainisha, kwa sababu Tabita alipopiga karia kwa kiganja na kusema, "Panda. Twende wote, uone njia kwa macho yako," alijikuta anatafuta kanga safi.

Hapa inafaa nieleze jambo moja, maana asiyekuwa wa Namtanda hataelewa.

Kila shamba bondeni lilikuwa na mlango mmoja wa mbao kwenye mfereji, na kila mlango ulifunguliwa kwa zamu, siku moja katika siku nane, na mnyapara wa mfereji, Bwana Efraimu. Mvua zikiwepo siku nane si kitu. Lakini mwaka huo mvua ziliondoka mapema, mwezi wa tatu haujaisha, na mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unashika mimba. Ardhi ya bondeni katika jua lile hupasuka siku ya tano. Kwa hiyo wenye mashamba walikuwa na njia yao, waliyoiita mdomo. Unachimba tuta kwa kukata, upana wa mkono mmoja kutoka kiwiko mpaka vidole, maji yapite kwenda shambani kwako. Juu yake unalaza matete, juu ya matete kipande cha mkeka mkuukuu, juu ya mkeka udongo, halafu unarudisha changarawe na kuzisawazisha kwa kiganja. Ukingoni, upande wa maji, unafunga fundo la nyasi mbichi. Mpita njia wa pale akiona fundo, anarefusha hatua. Hasimami, haulizi, hata mzigo hautikisiki kichwani. Watoto wa Namtanda walijua kurefusha hatua kabla hawajajua kuhesabu.

Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Marita. Wengine mdomo wao uliacha kibonde au rangi ya udongo mbichi. Wa Marita ulifanana na tuta lenyewe. Siku moja Efraimu alisimama pale akimuuliza habari za nyumbani, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, maji ya wizi yakipita chini ya mapumbu yake, kama alivyosema Ferista baadaye, na mzee wa watu asijue.

Tabita hakuambiwa. Mfereji ulifika akiwa misheni, na mwezi wa kwanza hadi wa tatu hakukuwa na haja ya midomo. Na hata ilipoanza kuchimbwa, wanawake walikubaliana wamwache, maana wasichana waliokaa misheni wana tabia ya kujibu kweli wanapoulizwa. Marita alikubali pamoja nao. Siku mbili kabla ya safari hii, Jumatano, alikuwa ameupanua mdomo wake mara mbili ya kawaida, kwa ajili ya mimba ya mpunga, akaufunika vizuri kuliko siku zote.

Usishangae kwamba hakuliwaza hilo alipopanda karia. Kichwani mwake mdomo ulikuwa kitu cha miguu na maji. Tairi lilikuwa kitu cha uvumi. Vitu hivyo viwili havikuwa vimekutana bado.

Alikaa upande mmoja, miguu yote kushoto, kama wanawake wanavyobebwa, mkono mmoja umeshika kiti cha Tabita na mwingine umekumbatia ule mfuko wa dawa. Uso wake ulielekea mashambani. Mfereji ulikuwa mgongoni mwake.

Maili ya kwanza alisali. Ya pili alisahau kusali.

Siku zote alikuwa amepita juu ya tuta lile na kapu kichwani, na mtu mwenye kapu kichwani huona hatua kumi mbele ya vidole vyake, basi. Sasa aliona bonde zima. Aliona mpunga umelala kijani mpaka kwenye mstari wa miti ya mtoni, na nyuma ya miti milima ya Ndalambo, ya bluu, kama moshi uliokatazwa kupanda. Korongo wawili walisimama kwenye maji ya shamba la mtu, hawakuruka. Hapakuwa na vumbi la gari wala mlio wa gari, wala mtu wa kumpisha. Sauti ilikuwa moja tu, changarawe chini ya matairi, kama mtu anamenya karanga bila haraka. Upepo uliingia kwenye mikono ya gauni lake, ukatokea shingoni. Hakuna kilima cha kupanda, hakuna mteremko wa kushikia breki, ni kwenda tu.

"Vipi, Mama, tumemezwa?" Tabita aliuliza bila kugeuka.

"Angalia mbele!"

"Naangalia. Nakuuliza wewe uliyeko nyuma, labda umeachwa kwenye koo la mfereji."

"Wewe mtoto, mdomo wako ungepakwa pilipili ukiwa mdogo."

"Ulipakwa. Nilizoea."

Mara mbili au tatu alisikia karia ikidunda chini yake kidogo, akadhani ni jiwe. Walipita watu wawili waliokuwa wakipalilia, wakaacha majembe kumtazama mama mtu mzima juu ya njinga, kama walivyoiita wao, na Marita akawainulia mkono kama mke wa chifu. Moyoni alianza kusema kwamba watu wa Namtanda wana maneno mengi. Akaanza hata kupanga atakavyomwambia Ferista.

Halafu aliona shamba zuri. Mpunga wake ulikuwa mzito kuliko wa jirani wote, majani yamesimama, maji yanang'aa kwenye mashina. Alifurahi kuliona kabla hajalitambua. Lilikuwa lake.

Akageuza shingo kutazama tuta mbele. Maji yale yalifikaje pale, na leo si zamu yake?

"Tabita! Simama! Shuka!"

"Shikilia tu, Mama, tuko sawa!" alijibu Tabita akicheka, akidhani hofu imerudi, na akakanyaga kwa nguvu zaidi ili wapite haraka mahali panapomtisha mama yake.

Tairi la mbele lilizama mpaka kwenye ekseli. Hakukuwa na kishindo. Matete yalikatika mara moja, kwa sauti kavu, baiskeli ikasimama kama iliyoshikwa na mkono, na Tabita akaruka juu ya usukani. Marita alijikuta amekaa kitako kwenye changarawe, mfuko wa dawa bado kifuani, kama aliyewekwa hapo na mtu mstaarabu. Kengele ilikuwa imejilia yenyewe mara moja, ikanyamaza.

Tabita aliinuka na kukaa. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda juu kidogo ya kifundo, mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Alilitazama lile tairi lililozama, akatazama changarawe nyuma na mbele.

"Nilikuwa naangalia, Mama," alisema polepole. "Naapa nilikuwa naangalia. Palikuwa safi. Palikuwa safi kuliko mahali pengine pote." Kisha akasema kwa sauti ambayo Marita hakuwa ameisikia tangu binti yake alipokuwa wa kunyonya, "Kumbe ni kweli. Imetumeza."

Marita alimsogelea, akafungua kanga.

Ferista ndiye aliyefika kwanza, akitokea shamba la jirani na jembe mkononi. Aliona mambo yote kwa mara moja. Wakati Marita anamfunga binti yake mkono kwa kanga na vijiti viwili vya matete, kama Tabita mwenyewe alivyomwelekeza, Ferista aliivuta baiskeli nje, akalifumua lile fundo la nyasi, akausukuma mkeka na matete ndani ya maji kwa mguu. Palibaki mtaro tu, unaoweza kuwa kazi ya maji yenyewe.

Walirudi kwa miguu. Ruti wa Osea hakuonwa siku hiyo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, Ferista alikuja na bakuli la uji wa Tabita. Alimkuta Marita nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Efraimu atakuja kesho asubuhi kuuliza," alisema Ferista. "Usiseme lolote. Mfereji umemeza, basi."

"Mfereji haukumeza. Mimi ndiye niliyechimba."

"Punguza sauti, Mama Tabita. Sikiliza. Yule wa chumvi unayemlilia hajafa. Alianguka kwenye mdomo wangu, wiki iliyopita. Tukamtoa mimi na mume wangu, tukampa uji, tukamvusha ng'ambo ya mfereji na baiskeli yake imepinda, akaenda zake Ivuna kwa njia ya chini. Nyayo tulizifuta. Alama ya tairi tulisahau kuifuta yote."

Marita alimtazama. "Na hayo maneno ya kumeza?"

"Mume wangu alimwambia Efraimu kwa utani. Efraimu akaogopa kweli, baiskeli yake ameiweka ndani, sasa anakagua kwa miguu, na kwa miguu hafiki hata nusu ya mfereji. Unaona? Tumepata nafuu sisi sote. Na wewe umepata zaidi. Ulitaka binti aache njinga. Ameacha. Maji unayo, mtoto unaye. Unataka nini tena?"

Baada ya Ferista kuondoka, Marita alikaa pale mpaka kinu kikapoa chini yake. Hapakuwa na la kukanusha. Wiki nzima alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba Tabita asipande tena baiskeli ile, na sasa ombi lilikuwa limetimia mezani, limefunikwa kawa, linasubiri anawe. Mganga wa zahanati, Bwana Danieli, alikuwa ameshatuma neno: kama njia ndiyo hiyo, safari za Jumanne na Ijumaa zimekwisha, na mkono ukipona Tabita atabaki ndani kufua mabandeji. Wajawazito watembee wenyewe, kama zamani.

Ndani alimkuta Tabita amekaa kitandani, mkono umefungwa sasa kwa ubao wa zahanati.

"Nilikuwa nawacheka," alisema Tabita. "Watu wenye macho na hawana majina. Sasa nikifumba macho naiona ile changarawe safi. Sidhani kama nitaweza kupita tena, Mama, hata kwa miguu."

Hilo ndilo lililomshinda Marita. Mkono ungeunga. Alikuwa amezoea kuwaza mtoto aliyevunjika, mtoto aliyezama, mtoto aliyepotea. Mtoto aliyeogopa uongo wa mama yake hakuwahi kumuwaza.

Akamwambia yote. Alianza na Jumatano, akarudi kwenye fundo la nyasi, akaenda mbele mpaka kwenye kinu na Ferista. Hakusaza. Alipomaliza, nje kuku walikuwa wakigombania nafasi kwenye kichanja.

"Ulinificha pampu," alisema Tabita. "Ukanificha na mdomo. Pampu angalau nilijua kuitafuta."

Akageukia ukutani, na Marita akaona heri angepigwa.

Asubuhi watu walikusanyika juu ya tuta, karibu na mtaro. Maji yalikuwa yameula usiku kucha, sasa umekuwa wa kuruka. Efraimu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kaki, alisimama mbali nao kidogo, kama vile bado hana hakika kama pale panameza au hapamezi.

"Mama Tabita, wewe ulikuwa juu ya karia," alisema. "Uliona nini?"

Kabla Marita hajajibu, Tabita alisogea mbele, mkono kifuani. "Mzee, kosa ni langu. Sikuwa mwangalifu."

Marita alimgeukia. Binti alikuwa anatazama maji. Usiku ule wote hakuwa amemsemesha, na sasa alikuwa anambebea.

"Mwongo huyo," alisema Marita. "Leo ndiyo mara yake ya kwanza, kwa hiyo hajui. Bwana Efraimu, huu mdomo ni wangu."

"Mdomo gani?" Efraimu aliuliza, akamtazama mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Ilibidi amweleze, mbele ya watu wote, upana wa mkono, matete, mkeka, changarawe. Alieleza vizuri, kama alivyokuwa akiwafundisha wanawake wenzake. Efraimu alisikiliza, uso wake ukibadilika kutoka kwenye woga kwenda kwenye jambo jingine.

"Na mtu wa miguu anajuaje pa kuvuka?"

"Kwa fundo la nyasi. Ukingoni, upande wa maji."

Mnyapara aligeuka, akatazama ukingo wa mfereji upande wa chini. Lilikuwepo fundo, hatua arobaini mbele. Akalitazama. Akatazama nyuma yake, likawepo jingine, na jingine, yakienda mpaka macho yanapochoka.

"Haya yote?" aliuliza taratibu.

"Mama Tabita," alisema Ferista kwa meno yaliyofungwa, "Mungu anakuona."

"Ananiona. Na jana alimwona Tabita pia, akiruka juu ya usukani."

"Mpunga una mimba, dada!"

"Najua. Na Ruti je?"

Efraimu alivua kofia. Wengine walingoja apige kelele, lakini alikaa chini juu ya changarawe, akacheka peke yake, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Wiki nzima," alisema, "nimekuwa nikitembea kwa miguu kwa kuogopa matete."

Midomo ilifukiwa Jumamosi hiyo hiyo na Jumatatu yake, na wenyewe, mnyapara akisimamia. Ilikuwa sitini na mitatu. Marita alinyimwa zamu mbili za maji kwa kuwa mdomo wake ndio uliovunja mtu, na sehemu ya chini ya shamba lake mpunga ulikauka na mimba yake, ukabaki wa kulishia ng'ombe. Efraimu alipeleka maneno kwa Bwana Shamba kwamba siku nane ni nyingi. Mpaka mavuno jibu lilikuwa halijaja. Ferista alihamia kwenye kinu cha mbali, akawa anapita mbele ya nyumba ya Marita na mtwangio begani bila salamu, kwa majuma sita.

Ruti wa Osea alionwa Jumapili baada ya ibada. Tabita alitembea maili zote tisa, na Marita alimbebea mfuko. Mtoto wa Ruti alikuwa amekaa vibaya kweli, na kwa kuwa alionwa mapema walimpeleka mama yake zahanati kwa machela, wakiwa na siku nne mkononi. Alizaliwa msichana. Njiani kurudi, Tabita alisema neno la kwanza lisilo la kazi: aliomba maji ya kunywa.

Mwezi wa sita, mkono ukiwa umeunga, alitoa baiskeli nje. Uma wa mbele ulikuwa umenyooshwa na fundi wa Tunduma, bado na kovu la nyundo. Marita alisimama mlangoni.

"Utarudi saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi ipi?"

"Mama."

"Nenda basi."

Alimsikia akienda, kwa zile karanga zinazomenywa, mpaka sauti ikaisha. Kisha akaingia ndani, akachana karatasi mbili za katikati ya daftari la zamani la Tabita, akalamba penseli. Alikuwa ameishia darasa la nne, kwa hiyo aliandika kwa herufi kubwa, polepole, na siku hiyo hiyo akaenda kuzibandika kwenye yale magogo mawili mwanzoni mwa tuta, nakala moja kila gogo, apendaye asome na asiyejua kusoma asomewe.

MAMBO YA KUEPUKA KWENYE TUTA LA MFEREJI

Usikate tuta. Omba zamu.

Usifunike shimo likafanana na njia. Kama lipo, liache wazi, na uweke gogo jeupe pande zote mbili.

Usitegemee fundo la nyasi. Mwenye baiskeli halioni.

Usiendeshe kwa kasi mahali changarawe ni safi mno kuliko kwingine. Shuka, piga kwa mguu.

Usiendeshe karibu na ukingo wa maji, hasa baada ya siku ya zamu.

Usimpakie mtu aliyeyapa maji mgongo. Akae akitazama mfereji.

Usimcheke aliyeko nyuma akisema simama. Simama kwanza, cheka baadaye.

Usifunge chupa za dawa bila pamba.

Usichukue habari kwa mtu asiyeweza kutaja aliyemwambia, hata kama ni jirani yako.

Usimtume mtoto kwenye njia ambayo unajua jambo lake na yeye halijui.

Kama umeshachimba, usingoje kuulizwa. Nenda kwa mnyapara siku hiyo hiyo, hata kama mpunga una mimba.